Futi Moja Niliyoikata

Kabla hatujasalimiana, wajukuu zangu, nawapa mtihani. Mna fito tatu. Ufito mmoja una futi kumi na mbili, wa pili saba, wa tatu nne. Je, zinatoa pembetatu au hazitoi? Msikimbilie simu, na msikimbilie msumeno. Jumlisheni zile mbili fupi: saba na nne, kumi na moja. Ule mrefu una kumi na mbili. Zile fupi zikiinuka, kila mmoja kutoka ncha yake ya ule mrefu, hazitafikiana hata ufanyeje. Zitabaki zinatazamana kama mashemeji waliogombana msibani. Jibu ni hapana.

Mimi nimeezeka nyumba kuanzia Kigonsera hadi Litumbandyosi, na chini kabisa kule ziwani, mpaka magoti yangu yalipogoma kupanda ngazi. Sasa nakaa barazani nakosoa mapaa ya wenzangu. Ni kazi nzuri, haina vumbi. Mjukuu wangu aliyemaliza chuo cha ufundi juzi aliniambia kwamba siku hizi vipimo vyote viko kwenye kompyuta. Nikamwambia vizuri, lakini kompyuta haitapanda juu kuokota aibu yako. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Osmundi. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ndefu kuliko yeye. Nilipoanza kwake, bati lilikuwa linatafutwa kwa kibali na misumari ilikuwa adimu kama nyama siku ya Ijumaa ya Kwaresima. Tulikuwa tunang'oa misumari kwenye masanduku ya zamani na kuinyoosha juu ya jiwe. Miezi yangu miwili ya kwanza ya ufundi nilinyoosha misumari tu, na vidole vyangu vilivimba mpaka mama yangu akafikiri nimejiunga na ndondi. Lakini msumari ulioutolea jasho huupigi ovyo. Unafikiri kwanza.

Fundi Osmundi alikuwa na desturi aliyoiita kenchi ya vidole. Kenchi, kwa asiyejua, ni ile pembetatu ya mbao inayokaa juu ya kuta na kubeba bati: mbao moja inalala chini kutoka ukuta hadi ukuta, mbili zinapanda kwa mteremko na kukutana juu. Basi yeye, kabla mtu hajagusa msumeno, aliokota vijiti na kuvikata kwa upana wa kidole. Kidole kimoja kilisimama badala ya futi moja. Nyumba ya futi kumi na nane ikawa kijiti cha vidole kumi na nane, na vile vya mteremko vivyo hivyo. Kisha alivipanga chini na kuvifunga kwa uzi wa gunia. Vikifunga, tunakata mbao. Visipofunga, anakwenda kumwamsha mwenye nyumba.

"Mbao haina masikio," alikuwa akisema. "Ukishaikata vibaya, hata ukiiombea novena siku zote tisa haiongezeki."

Kuhusu pembe alinifundisha kwa mfuko wa saruji. Alichora pembetatu kwenye karatasi ya mfuko, akaikata, kisha akachana zile pembe tatu na kuziweka ubavuni mwa ubao, ncha kwa ncha. Zikakaa sawasawa na ule ubao, bila kubaki nafasi na bila kuzidi. Akaniambia nichore yangu, ya kihuni kadiri niwezavyo. Nikachora moja imelala imebanwa, nikachana, nikapanga. Zikakaa sawa vilevile. Nilichora saba siku ile, nikiamini nitamshinda. Shuleni wanasema digrii mia na themanini. Mimi nilijua kwa vidole kabla sijajua kwa namba, na tangu hapo mtu akiniletea pembe zinazozidi au kupungua hapo, namrudishia karatasi yake kwa heshima.

Si wote wanaopokea. Kulikuwa na mzee mmoja pale Mbinga, mwenye duka jipya, aliyetaka pembetatu ya mapambo mbele ya paa lake. Akasema, "Fundi, pembe zote mbili za chini zikae mraba. Sitaki kitu cha kupindapinda dukani kwangu."

Nikamwambia, "Mzee, pembe mbili za mraba zikikaa chini, mbao zake zitapanda sambamba mpaka mbinguni bila kukutana."

Alinitazama kwa huruma, akasema, "Basi ongeza mbao."

Sasa niwaambie jinsi mimi mwenyewe nilivyoongeza aibu.

Ulikuwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima yetu na magari yao. Mnaosikia neno soko huria redioni, kwetu lilikuwa na sauti: sauti ya nyundo. Kila mwenye shamba la kahawa alitaka kuvua nyasi na kuvaa bati. Maduka ya Mbinga yakajaa misumari ya kila urefu, futi kamba za kujirudisha zenyewe, na misumeno yenye mpini wa rangi. Fundi Osmundi alikuwa amekwisha kurudi kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, kulima mahindi, akaniachia sanduku la vifaa. Nami nikawa Fundi Kanisius, mtu mwenye kazi sita mkononi na kalamu sikioni. Kenchi ya vidole niliiacha. Niliona ni ushamba wa zama za kukosa misumari.

Siku moja akaja dada mmoja pale nilipokuwa nachagua mbao. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu." Nilimjua kwa chaki ya kwenye sketi. Aliitwa Skola, alikuwa akifundisha shule ya msingi hapo Mbinga, na mama yake alikuwa akiishi kando ya ziwa, si mbali na Mbaha.

Akanieleza shida yake. Mama Skola alikuwa amejenga nyumba kwa matofali mabichi, kwa miaka mitatu ya kuanika na kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Kuta zimefika juu, hazina paa. Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule, lakini kuchelewa si kughairi, na mvua moja kubwa ingezirudisha zile kuta kuwa udongo. Kule chini mbao hazipatikani. Akaomba nikate kila kitu huku huku juu, nishuke nacho, nifunge na kuezeka kwa siku chache.

Akanipa karatasi yenye mwandiko mzuri wa kimwalimu. Upana wa nyumba, futi ishirini na mbili. Mbao za mteremko, futi kumi na moja kila moja. Kenchi tisa.

"Zikutane katikati kabisa," akasema.

Nanyi mlioufaulu mtihani wangu wa kwanza, mmekwisha kuona. Mimi sikuona. Niliangalia karatasi kama mtu anavyoangalia tangazo la mkutano. Mbao dukani zilikuwa za futi kumi na mbili, mwenye mbao amezipaka rangi nyekundu kwenye ncha zote mbili. Nikafurahi kwamba nitakata futi moja tu, na kwamba gari dogo tulilolipata litaweza kupita zile kona za kushukia ziwani. Nikakata mbao kumi na nane, futi moja moja, bila hata kufuta jasho. Vile vipande nikampa mama wa maandazi akakokea moto. Kimoja nikakitupa kwenye sanduku langu, cha kugongea.

Tulishuka mimi, Skola na dereva, shule zikiwa zimefungwa. Mwenye nyumba alitupokea kama maharusi. Alikuwa mama mnene kidogo, kilemba chake kimefungwa juu sana, na mdomo wake haukuwahi kukutana na breki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe fundi? Karibu. Ninyi watu wa milimani mnachelewa hata kuteremka, na kuteremka ndiyo kazi rahisi."

Alitulisha ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, akatuonesha kuta. Zilikuwa zimenyooka, nzuri, na alizigusa kila alipopita kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Ng'ambo ya ziwa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akaniambia waziwazi, "Fundi, nimekaa kwenye stoo ya shemeji yangu miaka mitatu. Hizi kuta zikiyeyuka sina nguvu ya kuanza tena."

Nikapanga kenchi ya kwanza kwenye mchanga. Mbao ya chini, futi ishirini na mbili, imeungwa vizuri. Nikaweka mbao ya mteremko upande wa kushoto, nyingine upande wa kulia, nikazivuta ncha zikutane juu. Hazikukutana. Nikazilaza kidogo. Hazikukutana. Nikazilaza zaidi, zaidi, mpaka zikakutana vizuri sana, katikati kabisa kama mwalimu alivyotaka, zikiwa zimelala juu ya mbao ya chini kama watoto watatu kitanda kimoja.

Kumi na moja na kumi na moja ni ishirini na mbili. Haikuzidi hata unywele.

Mama Skola akazunguka, akainama, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili. "Fundi," akasema, "hili ni paa au ni mkeka?"

Majirani waliokuja kusaidia wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama akamgeukia binti yake. "Mwalimu mzima! Unawafundisha nini watoto wa watu huko Mbinga?"

Skola alikuwa karibu kulia. "Lakini mama, nusu ya ishirini na mbili si kumi na moja?"

Na mimi je? Mimi nilifungua sanduku kutafuta nyundo, nikakiona kile kipande cha futi moja, ncha yake nyekundu inanitazama. Papo hapo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga Mbinga. Kumi na mbili na kumi na mbili ni ishirini na nne. Inazidi ishirini na mbili. Paa lingesimama, tena mteremko mzuri. Ningeziacha zile mbao zilivyotoka dukani, tungekuwa tunagonga misumari. Karatasi ilikosea, lakini msumeno ulikuwa wangu, na fundi ni mimi. Nikakifunika kile kipande kwa gunia. Nikasema, "Mwalimu naye kakosea kidogo tu, msimlaumu," kana kwamba mimi nilikuwa mpita njia.

Nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo linaloniuma.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Kwenye chanja ya kuanikia usipa kulikuwa na matete, nikaomba machache, nikayakata kwa vidole: ishirini na mbili, kumi na moja, kumi na moja. Nilifanya hivyo kwa kukosa la kufanya, na pia kwa sababu nilisikia sauti ya Fundi Osmundi inanitukana kutoka juu milimani. Matete yakalala vilevile. Mama Skola akachuchumaa mbele yangu.

"Hawa wawili hawafikiani," akasema.

"Hawafikiani, mama, labda walale."

"Watu wasiofikiana si hutafutiwa mshenga?" Akaokota kipande kifupi cha tete, kama vidole vinne, akakiweka juu, kati ya zile ncha mbili. Nikayainua matete ya mteremko. Yakainuka! La kushoto likapanda, la kulia likapanda, na juu pale kile kifupi kikalala kikiyashika yote mawili.

Nikaguswa na furaha, kisha nikakigusa kile kitu kwa kidole kikaegemea upande. Hapo ndipo ufundi unapoanza, wajukuu. Umbo la pande nne halina msimamo, ukilisukuma linakufuata. Pembetatu haikufuati, kwa sababu pande zake tatu zikishakubaliana, pembe hazina ruhusa ya kubadilika. Kwa hiyo ukipata umbo la pande nne, lipasue ndani kwa mbao za mshazari mpaka zibaki pembetatu tupu. Nikaweka matete mawili ya mshazari, nikasukuma. Halikuyumba. Mama akasukuma kwa nguvu zaidi yangu. Halikuyumba.

"Na pale juu patavuja," akasema.

"Pale juu tutaweka pembetatu ndogo ya miti. Chini futi nne, mteremko futi tatu na tatu. Tatu na tatu ni sita, inazidi nne, itasimama." Niliona nimepata akili yangu tena. "Bati zako haziwezi kutosha huko."

"Nyasi zipo," akasema, na akapiga kelele kuwaita mashemeji zake.

Tulifanya kazi siku tatu bila kunyoosha mgongo. Mimi na vijana wa pale tulifunga kenchi, mashemeji wakaleta miti na nyasi, Skola akapima kila kipande kwa futi kamba yangu mara mbili, midomo imebana. Siku ya nne, tukiwa tumebakiza upande mmoja wa nyasi juu, tone la kwanza likanipiga shingoni. Mama Skola alisimama ndani ya nyumba yake, katikati ya sebule, mikono kiunoni, akitazama juu. Mvua ikashuka yote aliyokuwa nayo Mungu. Bati likapiga kelele tusisikilizane. Upande ule mmoja ulivuja kidogo, ukamaliziwa asubuhi yake. Kuta zikabaki kavu.

Mama alicheza peke yake pale ndani. Nililia, na nikasingizia nyasi.

Na sasa kichekesho. Ile pembetatu ndogo ya nyasi juu ya bati iliacha mwanya kidogo, na joto la bati, ambalo kule ziwani linaweza kumchemsha mtu, likawa linatokea hapo. Nyumba ikawa na ubaridi mzuri. Watu wakaipa jina, paa la kilemba, kwa ajili ya kilemba cha mwenye nyumba. Mwaka uliofuata niliitwa na watu wanne wa ufukweni, wote wanataka paa la kilemba. Mmoja aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye mchanga.

Tangu hapo sikukata mbao bila kenchi ya vidole. Iliniokoa na mengine. Siku moja niliagizwa banda la jiko: mbao ya futi kumi, nyingine ya futi saba, na pembe ya digrii thelathini pale mwanzo wa ile ya kumi, mbali na inapokutana na ya saba. Mimi nikafunga pembetatu yangu, mwenzangu akafunga yake, tukazilinganisha, hazikufanana! Yake ilikuwa ndefu chini, yangu fupi, na wote tulikuwa sahihi. Ile ya saba ukiizungusha inagusa chini mahali pawili. Kwa hiyo mtu akikupa mbao mbili na pembe ambayo haiko kati yake, muulize tena kabla hujamwamini. Na akikupa pembe tatu bila urefu hata mmoja, amekupa umbo tu. Unaweza kulitengeneza dogo la banda la kuku au kubwa la kanisa.

Mwaka jana nilishuka tena ziwani, safari hii na mkongojo. Mama Skola bado yupo, mdogo kama mtoto, anachambua usipa mlangoni. Skola amestaafu ualimu anakaa naye. Upepo wa ziwani ulikuwa unapigapiga mlango, na kila ulipopiga mama alisonya.

Tulicheka mambo ya zamani. Skola akasema, "Unajua, Fundi, miaka yote nimewafundisha watoto pembetatu kwa matete. Na kila darasa niliwaambia, mimi mwalimu wenu niliwahi kuagiza paa likawa mkeka. Wanacheka, lakini hawasahau."

Niliona haya mpaka masikioni. Kila darasa! Nikafungua mfuko wangu nikatoa kile kipande, ambacho nilikuwa nimekitunza kwenye sanduku tangu siku ile. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki kidogo.

"Hii ni futi ya kumi na mbili," nikasema. "Mbao zilikuwa kumi na mbili. Wewe ulikosea kuandika, lakini mimi ndiye niliyekata, na nilijua siku ile ile, nikakuachia aibu yote."

Skola alikitazama kile kipande. Midomo yake ikahesabu. "Kumi na mbili na kumi na mbili... Ingesimama!"

"Ingesimama."

"Miaka yote hii, Fundi?" Hakuwa anacheka. Nikainama.

Mama yake akasema bila kuacha usipa wake, "Mimi nilijua. Mbao zote za mteremko zilikuwa na nyekundu upande mmoja, upande wa pili nyeupe. Mtu hapaki rangi ncha moja."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema, angepanda gari na nyundo yake akarudi kwao, nibaki na kuta zangu na mvua. Nikaona huyu ana haya. Mwenye haya hufanya kazi."

"Na mimi ulinisema mbele ya watu!"

"Wewe ulistahili. Nusu kwa nusu!"

Hapo Skola akacheka, kwa shida, halafu kweli. Mama akanyoosha mkono, nikampa kile kipande. Akakisukuma chini ya mlango. Upepo ukaja, mlango ukatulia.

Skola akaenda kwenye chanja akarudi na matete na kisu, akaviweka mapajani mwangu. "Nifungie," akasema. "Ishirini na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Nataka kuliona lile paa langu."

Nilipima taratibu na kufunga kwa uzi wa wavu. Nikaisimamisha pale kizingitini. Skola akaisukuma kwa kidole, haikuyumba.

Mama Skola akainua macho kutoka kwenye usipa wake. "Haya," akasema, "mkeka umeamka."